Kufundisha biolojia chuo kikuu kwa mkataba wa muda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Huu ni mwaka wangu wa tisa nikifundisha yuniti za biolojia kwa mikataba ya muhula, kwanza Nairobi, sasa huku Pwani. Kila Agosti, wanaomaliza uzamili wanapoanza kusaka pa kujishikiza, simu yangu hujaa maswali yaleyale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu. Nazungumzia Kenya. Vyuo nilivyofundisha sivitaji kwa sababu bado nahitaji kazi.

Mhadhiri wa muda ni nani hasa?

Ni mtu anayepewa yuniti moja, mbili au tatu kwa muhula mmoja, akalipwa kwa saa alizofundisha. Hana mshahara wa mwezi, hana marupurupu ya nyumba, hana bima ya chuo wala pensheni. Muhula ukiisha, mkataba umeisha. Hufutwi, ila huitwi tena. Wanafunzi hawaijui tofauti. Kwao wewe ni mwalimu kama walimu wengine, na watakutafuta ofisini, mahali ambapo huna. Kwa miaka mitatu ofisi yangu ilikuwa benchi la mbao chini ya mwarobaini, nyuma ya stoo ya kemikali, na wanafunzi walipajua vizuri kuliko mwenyekiti wa idara.

Nina uzamili tu. Nitachukuliwa?

Utachukuliwa, ila ujue unaingilia mlango gani. Vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, vya mwaka 2014 vilisema cheo cha mhadhiri ni cha mwenye PhD, na waliokuwa na uzamili pekee wakapewa miaka mitano waipate. Agizo hilo lilizua makelele mengi. Kwa vitendo, yuniti za mwaka wa kwanza na wa pili bado hugawiwa watu wenye uzamili, hasa wakionyesha kwamba wamejisajili kwa PhD mahali fulani. Hiyo barua ya usajili ibebe kila uendako.

Jambo ambalo sijaona likipindishwa ni fani. Shahada zako zote mbili zinatakiwa ziwe zinahusiana na yuniti unayoiomba. Aliyesomea mikrobiolojia hupewa mikrobiolojia au biolojia ya seli, na hapewi ikolojia hata akiijua. Wanaotafutwa kwa tochi ni wanaoweza biostatistiki na taksonomia ya mimea. Ukiweza kumtazama mwanafunzi machoni na kumweleza kwa nini jaribio la khai mraba, lile la takwimu, linakataa alichokiandika, kazi hukosi.

Usajili wa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, hauhitajiki. Huo ni wa shule.

Nafasi hizi hutangazwa wapi?

Mara moja moja utaona tangazo gazetini au kwenye tovuti ya chuo likiita watu waingizwe katika orodha ya wahadhiri wa muda. Omba, lakini usikae ukilisubiri jibu. Nafasi nyingi nilizopata mimi zilikuja kwa simu, wiki ya pili au ya tatu baada ya muhula kuanza, mwenyekiti wa idara alipogundua kwamba yuniti fulani haina mwenyewe. Anayepigiwa ni yule ambaye jina lake liko akilini wakati huo.

Kwa hiyo nenda mwenyewe. Peleka bahasha idarani mwezi mmoja kabla ya muhula kufunguliwa: barua ya maombi inayotaja yuniti kwa misimbo yake (ingia kwenye tovuti, soma mtaala wao, usiandike tu "naweza kufundisha biolojia"), wasifu, nakala za vyeti zilizothibitishwa, kitambulisho, cheti cha PIN ya KRA (Mamlaka ya Mapato), na majina ya watu watatu wa kukusemea. Kisha kamsalimu katibu wa idara. Sisemi umhonge. Nasema umsalimu, umwachie nambari ya simu inayoshika. Yeye ndiye anayeulizwa, "Yule aliyekuja juzi wa jenetiki alikuwa nani?"

Nimepigiwa simu leo, darasa ni kesho asubuhi, barua "inakuja". Nianze?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu.

Muhula wangu wa pili nilianza kazi kwa simu. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema, aliniambia barua iko mezani kwa msajili, yangoja sahihi tu. Nilifundisha wiki kumi na tatu. Nikatunga mtihani, nikasimamia, nikasahihisha. Katikati ya hapo mwenyekiti akabadilishwa, na aliyeingia akanitazama kwa upole wa kweli akaniuliza, "Mwalimu, nani alikuajiri?" Katika faili ya idara sikuwemo. Alama zangu zilikuwemo, tena zilishapita bodi ya watahini, lakini mimi sikuwemo. Barua ilikuja kutoka baada ya miezi kumi na minne, na saa zilizoandikwa hazikuwa zile nilizofundisha.

Siku hizi nikipigiwa simu hivyo, jibu langu ni hili: nitakuja kesho, lakini leo jioni naomba unitumie baruapepe ya mistari miwili inayotaja msimbo wa yuniti, muhula, idadi ya saa, na kwamba idara imeniomba nianze. Hajawahi kukataa hata mmoja. Mistari hiyo miwili si barua ya uteuzi, lakini ina tarehe na jina la mtu. Nikifika wiki ya nne barua yenyewe haijatoka, naandika tena, nakala kwa mkuu wa kitivo, kwa adabu zote. Wiki ya sita nasimama. Mnaosema mnawaonea huruma wanafunzi, nami nawaonea, ila si mimi niliyewaweka pale.

Malipo huhesabiwaje?

Hapa msome polepole, maana biolojia si sawa na historia.

Yuniti ya kawaida huhesabiwa saa 45 za kufundisha kwa muhula. Kuna vyuo vya saa 42. Chuo huweka kiwango chake kwa saa kulingana na cheo chako, kisha huzidisha. Mwenzako wa historia anaingia saa tatu kwa wiki, anatoka, hesabu yake imekwisha.

Wewe una maabara. Na kanuni inayotumika katika vyuo vyetu ni kwamba saa moja ya mhadhara ni sawa na saa mbili za mafunzo ya vikundi au saa tatu za vitendo. Yaani ukisimama maabara kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni, kwenye karatasi umefanya kazi saa moja.

Tuchukue mfano, na kiwango nitakachotumia ni cha kuhesabia tu, msiende kukidai. Yuniti ya biolojia ya seli ina saa 30 za mihadhara na saa 45 za vitendo. Hizo 45 zinagawanywa kwa tatu, zinabaki 15. Ukijumlisha na 30 unapata 45, yuniti kamili. Chuo kikilipa Sh1,500 kwa saa, unadai Sh67,500. Ondoa kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani Sh3,375, unabaki na Sh64,125. Lakini miguu yako imesimama mbele ya wanafunzi saa 75, si 45. Kila saa imekuwa Sh855.

Bado hatujasahihisha. Darasa la mwaka wa kwanza lina wanafunzi 180. Karatasi ya mtihani wa mwisho ukiipa dakika 12, ni saa 36. Majaribio mawili ya katikati, yale wanafunzi wanayoita kati, dakika tano kila karatasi, ni saa 30 nyingine. Sasa una saa 141, na kila saa ni kama Sh455. Hatujagusa ripoti za maabara, maandalizi ya somo, wala nauli.

Kuna vyuo vinavyolipia usahihishaji kando, kwa karatasi, na kuna visivyolipa. Kuna vinavyohesabu vitendo kwa nusu badala ya theluthi. Uliza mambo haya mawili kabla hujasaini, na uulize kwa maneno haya: "Saa za vitendo mnazihesabu vipi, na usahihishaji umo ndani au uko nje?" Mtu akikujibu "tutaona", ujue umo ndani na ni theluthi.

Makato ni yapi?

Inategemea chuo kinakuona nani. Kikikuona mtu anayeuza huduma, kitakata kodi ya zuio ya asilimia 5 pale malipo ya mwezi yanapofika Sh24,000, na utapata cheti chake kwenye iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni. Kikikuona mwajiriwa, kitakata PAYE, yaani kodi ya mshahara, na mengine yanayoandamana nayo. Vyote viwili nimevipitia, mwaka mmoja vyote kwa pamoja kutoka vyuo viwili. Vyovyote iwavyo, ripoti ya kodi ya mwaka ni lazima ifike KRA kabla ya tarehe 30 Juni, hata kama pesa ulizofundishia mwaka huo hazijakuja. Bima ya afya, tangu mamlaka mpya ya SHA ilipochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF Oktoba 2024, jilipie mwenyewe. Usisubiri chuo.

Kwa nini pesa hukawia hivi?

Watu hudhani ni roho mbaya ya mhasibu. Historia yake ni ndefu kidogo.

Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua mlango kwa wanafunzi wa kujilipia, na vingine vikafuata. Madarasa ya jioni yakafurika, matawi yakafunguliwa juu ya maduka na benki, na walimu wa kudumu hawakutosha. Sisi tulizaliwa hapo. Tulilipwa kutoka karo za wanafunzi hao, na kwa kuwa karo ililipwa kabla ya mtihani, pesa zilikuwapo. Wazee wa kazi hii watakusimulia walivyojenga nyumba kwa vipindi vya jioni, na ni kweli.

Kisha ukaja mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, wa 2016. Udanganyifu ulibanwa, na waliopata C+ kwenda juu, alama ya kuingilia chuo kikuu, wakawa 88,929 nchi nzima, takriban nusu ya mwaka uliotangulia. Nafasi za serikali zikawatosha wote. Wa kujilipia wakakauka, na kile kisima tulichokuwa tukinywea kikakauka nao. Lakini madarasa hayakupungua, kwa sababu wanafunzi wa serikali nao wanataka kufundishwa, na walimu wa kudumu wanaostaafu mara nyingi hawajazwi. Tukabaki sisi tukifanya kazi ileile, tukilipwa kutoka mfuko ambao kwanza unatoa mishahara, kisha madeni ya kodi na pensheni, kisha umeme. Mfumo mpya wa ufadhili uliotangazwa Mei 2023 ulibadilisha hesabu za ruzuku na mikopo. Foleni haukuigusa, na sisi bado tuko mwisho wake.

Nayasema haya ili mpange maisha. Pesa za muhula huu zihesabuni kama za mwakani. Nikichukua yuniti, najiuliza kama naweza kuifundisha hadi mwisho kwa pesa nilizonazo sasa. Kama jibu ni hapana, siichukui.

Nifanye nini zisipokuja kabisa?

Kwanza hakikisha umedai. Utashangaa ni wangapi wanaolalamika ilhali fomu ya madai hawajaipeleka, au imekwama kwa katibu kwa kukosa daftari la mahudhurio. Fomu yangu huenda na vitu vitano vimebanwa pamoja: nakala ya barua ya uteuzi, ratiba, daftari la mahudhurio lenye sahihi za wanafunzi kila kipindi, nakala ya mtihani na mwongozo wa kusahihisha, na hati ya idara kwamba imepokea alama. Napeleka nakala mbili. Moja inapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, narudi nayo nyumbani. Muhuri huo una thamani kuliko maneno yote ya ukumbini.

Baada ya hapo andika barua ya ukumbusho kila muhula, usichoke. Kumbuka madai yanayotokana na ajira yana kikomo: chini ya Sheria ya Ajira ya 2007 ni miaka 3, ikipita mahakama haikusikilizi. Nimemwona mtu mzima akipoteza mihula minne hivi, akisubiri kwa heshima.

Kuhusu mahakama, swali la kwanza ambalo wakili atakuuliza ni kama ulikuwa mwajiriwa au ulikuwa unauza huduma. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza kesi za hadi Sh1,000,000, na ni ya haraka, lakini haigusi migogoro ya ajira. Hiyo ina mahakama yake. Kwa hiyo maneno yaliyo kwenye barua yako yana uzito. Yasome kabla ya siku unayoyahitaji.

Je, nizuie alama mpaka nilipwe?

Wengi wamefanya, na mara nyingine imefanya kazi. Mimi nilifanya mara moja. Wiki ya tatu alinijia msichana wa mwaka wa nne aliyekuwa amepata nafasi ya mafunzo kwenye maabara ya utafiti, walitaka nakala ya matokeo yake, na mahali pa yuniti yangu palikuwa na mstari mtupu. Hakunigombeza. Alisimama tu pale benchini na bahasha yake. Nilipeleka alama alasiri hiyo, na pesa zangu zikaja mwaka uliofuata kama ambavyo zingekuja.

Siwezi kukuambia usifanye. Naweza kukuambia kwamba anayeumia si yule uliyemlenga, na kwamba chuo hukukumbuka. Mimi siku hizi hubana mahali pengine: sianzi muhula mpya penye deni la mihula miwili.

Nikague nini maabara kabla ya kukubali yuniti?

Nenda uione. Usiambiwe. Washa hadubini moja baada ya nyingine, utafute mwanga. Katika maabara niliyozoea kulikuwa na hadubini kumi na moja mezani, saba zenye taa hai, na wanafunzi sitini kwa zamu. Zile nne tulizipanga karibu na dirisha tukatumia vioo vya chini kunasa jua. Saa nane mchana jua la Pwani linatosha. Mawingu ya Mei yakija, mnaangalia giza.

Halafu zungumza na fundi wa maabara. Nasema zungumza naye kabla hata ya mwenyekiti. Yeye ndiye anayejua ni kemikali gani ipo kweli na ipi ipo kwenye orodha tu. Fundi wetu, mzee mmoja mpole, alinifundisha zaidi ya wasimamizi wangu wawili wa tasnifu. Wiki yangu ya kwanza, siku moja kabla ya zoezi la mitosisi, la kutazama seli za mzizi wa kitunguu zikigawanyika, aliniuliza:

"Mwalimu, vitunguu umeviweka majini lini?"

Sikuwa nimeviweka. Nilidhani vinaletwa na idara. Mizizi ya kitunguu huchukua siku tatu au nne kuchipuka, na pesa za vifaa zilikuwa bado "zinashughulikiwa". Alinitazama, akafungua kabati la chini, akatoa trei yenye vikombe ishirini, kila kimoja na kitunguu chake kimekaa juu ya vijiti vya meno, mizizi meupe imening'inia kama ndevu. "Ratiba niliiona," akasema. Muhula uliofuata nilivinunua mwenyewe sokoni Kongowea, siku nne kabla, na risiti sikupata kwa sababu muuza vitunguu hatoi risiti, na bila risiti hurudishiwi.

Zoezi lenyewe ni rahisi, na linafundisha kuliko mihadhara mitatu. Unakata ncha ya mzizi, milimita mbili tu, unailainisha kwa asidi ya moto, unaitia rangi ya asetokamini, unaibonyeza chini ya kioo kwa kidole gumba bila kukisogeza. Ukikisogeza umeharibu. Kila mwaka kuna anayeniita kwa furaha kwamba ameona seli kubwa ajabu, ya duara, yenye ukuta mweusi mnene. Ni kiputo cha hewa. Namwacha akichore kwanza, kisha namwambia agonge kioo taratibu kwa ncha ya penseli. Kiputo kikikimbia, hasahau tena maishani.

Kingine cha kukagua: maji ya bomba yanatoka? Glavu ziko? Kuna pa kutupa vipande vya panya na vyura? Kama jibu la hili la mwisho ni kunyoosha kidole dirishani, fikiria mara mbili.

Safari za nyanjani hupangwaje?

Kwa shida. Basi la chuo huombwa mwezi mzima kabla, na mafuta yake huombwa kivyake. Saa za safari zihesabiwe kama vitendo na ziandikwe kwenye mahudhurio. Watu wengi husahau kuzidai.

Kwa walio Pwani nina neno la ziada. Ratiba ya chuo haimjui mwezi, bahari inamjua. Nimewahi kupewa kipindi cha ikolojia ya mikoko Ijumaa saa kumi jioni, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Kwetu maji ya bamvua hujaa jioni na alfajiri, na hupwa karibu saa nne au saa tano asubuhi. Kati ya kujaa na kupwa kuna karibu mita nne. Tungefika kwenye mikoko ya Tudor, Mombasa, saa kumi tungeona vichwa vya miti na maji. Nilikwenda kwa mwenyekiti na jedwali la maji kupwa na kujaa, akacheka, akabadilisha iwe Jumamosi asubuhi.

Maji yakipwa, darasa limejiandaa lenyewe. Unaanzia upande wa bahari kwenye miti ya mililana yenye vipumulio (mizizi ya kupumulia) vinene, unaingia kwenye mikoko yenye mizizi ya magongo, kisha muia, kisha mikandaa, na mchu unaukuta mbele na unaukuta tena nyuma kabisa kwenye chumvi, mfupi, kama mti mwingine. Waulize wanafunzi kwa nini. Waache wabishane wakiwa matopeni. Na wenyeji wavuvi wakiwemo, wape nafasi ya kusema, majina yote haya ya miti ni yao. Mikokoni Gazi na Mida ni pazuri zaidi kama basi litapatikana. Omba ruhusa ya kikundi cha kijiji mapema, wana watu wao wa kutembeza wageni na wanastahili kulipwa.

Nichukue yuniti ngapi?

Mbili. Tatu kama mbili ni za aina moja na hakuna maabara. Najua mtu aliyechukua tisa katika vyuo vinne, akilala ndani ya basi la usiku kati ya Mombasa na Nairobi. Hata akilipwa zote, na hakulipwa zote, PhD yake iko palepale ilipokuwa 2019.

Nina ajira nyingine. Inaruhusiwa?

Wengi wetu ndivyo tulivyo: walimu wa sekondari, watafiti wa taasisi za serikali kama KEMRI (tiba), KMFRI (bahari na uvuvi) na KALRO (kilimo), na wa makumbusho. Pata ruhusa ya maandishi kwa mwajiri wako, na usiipange siku ambayo utalazimika kusema uongo. Watafiti huwa walimu wazuri sana wa vitendo, kwa sababu wanajua vitu vinavyoharibika kweli.

Nikiugua, au nikijifungua katikati ya muhula?

Saa hujafundisha, saa hujalipwa. Hivyo ndivyo vyuo vingi vinavyohesabu. Kama makato yako ni ya mwajiriwa, uliza haki za mwajiriwa ukiwa na karatasi ya malipo mkononi. Kabla ya hapo, tafuta mwenzako wa fani moja mkubaliane kushikiana, na idara ijulishwe kwa maandishi nani alifundisha lini.

Na mgomo?

Walimu wa kudumu wakigoma, kama katika mgomo mrefu wa mwaka 2025, mshahara wao ndio unaopiganiwa. Wetu haumo mezani. Usipofundisha hulipwi, ukifundisha unaitwa msaliti. Mimi hukaa nyumbani, halafu nafidia saa zote Jumamosi. Hakikisha saa za kufidia zina ratiba iliyotiwa sahihi, vinginevyo wahasibu watazikataa kwamba ziko nje ya muhula.

Kazi hii itanifikisha kwenye ajira ya kudumu?

Yenyewe, la. Nimekaa nyuma ya mahojiano mawili, nikaona kinachohesabiwa: PhD, makala zilizochapishwa, pesa za utafiti, wanafunzi wa uzamili uliowasimamia. Miaka ya kufundisha husomwa mstari mmoja kisha ukurasa hugeuzwa. Kinachosaidia ni kuitumia kazi ipasavyo. Omba kusimamia miradi ya mwaka wa nne hata kama malipo yake ni madogo. Mradi mzuri wa mwanafunzi mkiuandika pamoja, jina lake mbele na lako nyuma, ni makala. Kila muhula omba barua ya kuthibitisha ulichofundisha. Mwenyekiti akishaondoka hakuna atakayekumbuka.

Na kama mihula sita imepita na hujaandika ukurasa hata mmoja wa tasnifu, punguza yuniti.

Maandishi yangu ya somo ni ya nani?

Soma barua yako. Isiposema chochote, mimi huwapa wanafunzi muhtasari na michoro, slaidi kamili nabaki nazo. Nimewahi kukuta slaidi zangu zikifundishwa na mtu mwingine, na picha ya kidole changu ikiwa imeshika kioo.

Nikitaka kuacha katikati ya muhula?

Andika barua, taja tarehe ya kipindi cha mwisho. Kabidhi vitu kwa orodha: alama za majaribio, ripoti za maabara zilizosahihishwa na ambazo bado, funguo za kabati, na mada uliyofikia. Anayepokea atie sahihi. Dai saa zako siku hiyohiyo, usingoje muhula uishe. Na kama una trei ya vitunguu majini, mwambie fundi.